Maswali ya Wasomaji: Rimu, Tairi na Vipimo Vinavyokubaliana na Gari Lako

Barua za safari hii zimejaa rimu. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu vijana wengi wa pwani wanaopamba magari yao wamo katika hali hiyo hiyo.

SWALI

Assalaam alaykum, Bwana Fundi. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi. Nina Subaru Impreza ya mwaka 2010 iliyotoka Japani. Rimu zilizokuja nayo zimeandikwa kwa nyuma 16×6½ na namba 48, na tairi zake ni 205/55R16. Nimepata rimu za 18×8½ zenye ofseti 30 na matundu kumi ya bolti, pamoja na tairi za 225/45R18 zilizotumika kidogo. Nakusudia pia kulishusha gari kwa springi fupi. Muuzaji amenihakikishia kwamba zitaingia bila tatizo. Huwa naenda Mombasa karibu kila wiki, na mara nyingi tunajaa watu watano. Je, ninunue?

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Usizinunue. Nalisema mapema ili usije ukatoa arbuni kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Muuzaji hakukudanganya aliposema zitaingia. Impreza yako ina bolti 5 zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na rimu zenye matundu kumi huwa zimetobolewa kwa duara mbili, mara nyingi la 100 na la 114.3, kwa hiyo zitapita kwenye bolti na nati zitafungika. Lakini kupita kwenye bolti ni mwanzo tu. Linaloamua kama gari litaendeshwa kwa usalama ni mahali rimu itakapokaa ikishafungwa, na hilo halijulikani mpaka upana wa rimu na ofseti yake vihesabiwe pamoja.

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso wa rimu unaoegemea habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye bolti. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo rimu inavyoingia ndani kuelekea shokomzoba, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyotoka nje kuelekea ukingo wa fenda. Sasa chukua kalamu. Rimu yako ya asili ina upana wa inchi 6½, yaani milimita 165 hivi, na nusu yake ni 82.5. Ukitoa ofseti, yaani ile namba 48 iliyoandikwa nyuma ya rimu, unabaki na 34.5, ambayo ndiyo sehemu inayotokeza nje ya uso wa habu. Ukijumlisha 48 unapata 130.5, sehemu iliyoko ndani. Rimu unayoitamani ina upana wa milimita 216, na nusu yake ni 108. Ukitoa 30 unapata 78 upande wa nje, na ukijumlisha 30 unapata 138 upande wa ndani. Maana yake ni kwamba rimu mpya itasogea ndani kwa milimita 7 hivi, na itatokeza nje kwa zaidi ya milimita 43. Weka vidole viwili pamoja kwenye ubavu wa nje wa gurudumu lako la sasa, kisha uongeze kidogo: rimu mpya itakuwa imefika hapo.

Gari likisimama tupu mbele ya nyumba, hali hiyo hupendeza macho ya wengi. Likibeba watu watano na kupanda matuta ya Gede au ya Kilifi, nyuma hushuka, na ukingo wa fenda hukata bega la tairi kila linapobonyea. Springi fupi zitaongeza balaa hilo, kwa kuwa zinapunguza nafasi ambayo tayari imekwisha. Wapo mafundi watakaokuambia wakunje ukingo wa fenda kwa nyundo au waukate kabisa. Pwani yetu hii sipendi kabisa fenda iguswe, kwa sababu rangi ikishapasuka pale ukingoni, upepo wa chumvi huingia kwenye bati tupu na kutu hutembea chini ya rangi kimyakimya, mpaka siku utakapoona mapovu kwa nje. Zaidi ya hayo, gurudumu lililosogezwa nje sentimita 4 huongeza mzigo kwenye beringi za habu, na usukani huanza kuvutwa huku na huku kila gurudumu moja linapoingia kwenye shimo au kukanyaga ukingo wa lami.

Tuje kwenye tairi. Katika 205/55R16, namba 205 ni upana kwa milimita, 55 ni urefu wa ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana huo, R huonyesha kwamba tairi ni ya rediali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ukuta wako wa sasa una milimita 113 hivi, na tairi nzima ina kipenyo cha karibu milimita 632. Tairi za 225/45R18 ulizoonyeshwa zina kipenyo cha milimita 660, yaani zimezidi kwa karibu milimita 28, au asilimia 4.4. Mshale wa spidomita ukisimama kwenye 100, wewe utakuwa unakwenda 104. Gari litakuwa zito kuondoka, na breki zitakuwa na gurudumu kubwa zaidi la kuzuia. Mimi huwashauri wasomaji wasivuke asilimia 3, na nikiweza kuwabakisha ndani ya 2 hufurahi zaidi.

Huenda muuzaji akakubadilishia akupe 225/40R18, ambazo kipenyo chake ni milimita 637 na kwa hesabu ya spidomita hazina kasoro. Hapo litabaki suala la ukuta, ambao utakuwa umeteremka kutoka milimita 113 hadi 90. Ukuta wa tairi ndio unaopokea pigo kabla halijafika kwenye rimu. Wewe unaijua vyema zaidi yangu barabara yako: mahali ambapo lami imemeguka pembeni na matatu inakuja mbele yako imejaa njia nzima, unateremsha magurudumu ya kushoto kwenye mchanga, kisha unapanda tena kwenye lami kwa ukingo mkali. Tairi ya ukuta mfupi hubanwa kati ya ukingo huo na rimu, nyuzi za ndani hukatika, na kesho yake unaona uvimbe ubavuni. Uvimbe huo hauzibwi wala hautibiki, na tairi hiyo haifai tena kusafiria. Nikilazimika kuchagua kati ya sura ya gari na urefu wa ukuta, kwa safari za Malindi na Mombasa nachagua ukuta bila kusita.

Ushauri wangu ni huu. Tafuta rimu za inchi 17 zenye upana wa 7 na ofseti ya 48, uzivishe tairi za 205/50R17. Rimu za 17×7 na tairi za kipimo hicho zilitoka kiwandani kwenye baadhi ya Impreza za kizazi chako, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Ukirudia hesabu yetu utaona kwamba rimu hiyo itatoka nje milimita 6 na kuingia ndani milimita 6 tu. Kipenyo cha tairi kitakuwa milimita 637, na ukuta utabaki na milimita 102. Utapata umbo kubwa zaidi machoni, usukani utakaoitikia upesi zaidi, na fenda itabaki kama ilivyo. Kuhusu springi, usishushe zaidi ya sentimita 3, na ukishashusha upeleke gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mkao wa magurudumu, siku hiyo hiyo, kwa kuwa gari likishuka magurudumu huinama kwa juu na tairi huliwa upande wa ndani, ambako macho hayafiki mpaka waya zitokeze.

Pia soma namba ya mzigo iliyoandikwa baada ya kipimo cha tairi. Tairi yako ya 205/55R16 kwa kawaida huandikwa 91, yaani kila moja hubeba hadi kilo 615. Tairi ya kawaida ya 205/50R17 huandikwa 89, ambayo ni kilo 580, lakini ipo iliyoimarishwa, yenye herufi XL ubavuni na namba 93, inayobeba kilo 650. Kwa gari la watu watano nunua hiyo ya XL, na uijaze upepo zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu uwezo wake wa ziada hutokana na upepo wa ziada.

Yapo mambo mawili yanayohusu kufunga ambayo maduka mengi huyapuuza. La kwanza ni tundu la katikati ya rimu. Habu ya Impreza yako ina kipenyo cha milimita 56.1, lakini rimu za dukani zinazotengenezwa kwa magari ya kila aina mara nyingi huwa na tundu la milimita 73.1. Rimu kama hiyo ni kikuku kilichozidi mkono: bolti peke yake ndizo zinazoihangaikia ikae katikati, na ikikaa kando kwa nusu milimita tu, usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa. Utarudi kwa fundi mara tatu kubalansi tairi, na mtetemo utabaki pale pale, kwa kuwa balansi haikuwa na kosa. Dawa yake ni ringi ya kati, yenye kipenyo cha 73.1 kwa nje na 56.1 kwa ndani, na lazima iingie kwa kubana. Zipo za plastiki na za aluminiamu. Za aluminiamu ni imara zaidi, ila kwenye hewa ya chumvi hushikana na chuma cha habu, kwa hiyo safisha habu kwa brashi ya waya na uipake ringi grisi nyembamba sana. Hesi za bolti usizipake grisi kabisa, kwa sababu bolti iliyopakwa hukazwa kupita kiasi bila mkono kuhisi.

La pili ni nati zenyewe. Nati za Subaru yako na za Toyota nyingi ni za bolti ya milimita 12, lakini umbali kati ya hesi moja na nyingine ni 1.25 kwa Subaru na 1.5 kwa Toyota. Kwa kuwa Toyota ndizo zilizojaa mjini, ndoo ya nati katika gereji nyingi ni ya Toyota. Fundi mwenye haraka huanza kwa mkono, nati ikagoma kwenye mzunguko wa pili, naye akaleta mashine ya upepo na kuilazimisha. Bolti huwa imeshaharibika, ingawa kwa nje inaonekana imekazwa vizuri. Ukifunga mwenyewe, zungusha kila nati kwa vidole na uhesabu: kwa bolti yako inapaswa kuzunguka karibu mara 10 kabla haijakaza. Ikikaza baada ya mara 5 au 6, ama bolti ni fupi kwa unene wa rimu hiyo, ama nyuma kuna spesa (bamba la kusogeza rimu nje) ambayo hukuambiwa. Angalia pia mdomo wa nati. Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye mdomo uliochongoka kama koni, ilhali rimu nyingi za asili za Toyota hutaka nati yenye mdomo bapa na washa, na nyingi za Honda hutaka wa mviringo. Mdomo usiolingana na kiti chake hugusa sehemu ndogo tu ya rimu, na nati hulegea yenyewe njiani. Malizia kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na ukaze kwa kuruka nati moja hadi ya upande wa pili. Safari ya kwanza usipite Kilifi. Hizo kilomita 60 hivi zinatosha kwa rimu kukaa mahali pake, nawe usimame, uache zipoe, kisha ukaze tena.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungie rimu moja mbele na moja nyuma kwa majaribio. Akikataa, ondoka. Chukua donge la unga wa chapati uliokandwa ukakaza, libandike kwenye shokomzoba mkabala na tairi, na jingine chini ya ukingo wa fenda. Pakia wenzako wanne, zungusha usukani mpaka mwisho kila upande, upite polepole juu ya tuta moja, kisha utoe madonge yale na kuyapima mahali palipobonyezwa. Unene uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Kwa upande wa ndani mimi sikubali chini ya milimita 5, na kwa upande wa fenda hutaka mara mbili ya hapo. Tazama pia kwa tochi kati ya mikono ya rimu na kalipa ya breki, yaani kile kibano kinachoshika diski, kwani kuna rimu zenye kipenyo cha kutosha ambazo mikono yake imejipinda kwa ndani hata ikagusa kalipa.

Kwa kuwa gari lako huenda linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, jambo la mwisho ni kwamba tairi zote nne lazima ziwe za aina moja na zilizolika sawasawa. Subaru hushauri tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 tu. Tairi moja mpya ikichanganywa na tatu zilizochakaa, mitambo ya kugawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika hata barabara iliyonyooka, na gharama ya kuitengeneza ni zaidi ya bei ya seti nzima ya tairi. Kwa hiyo unaponunua, nunua tano za kipimo kimoja ukiweza, ili akiba nayo ilingane.

SWALI

Bwana Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama mfanyabiashara, natoa samaki na barafu Ngomeni nikipeleka Malindi kwa Toyota Probox. Tairi za asili ni 155/80R14, na ubavuni zimeandikwa 88/86N LT. Mwanangu anataka kuipendezesha gari kwa rimu za inchi 15 na tairi 185/60R15. Fundi wa tairi amesema urefu ni ule ule. Je, ni kweli?

JIBU

Nzuri, dada yangu, na pole na kazi. Kuhusu urefu fundi amesema kweli tupu: tairi ya 155/80R14 ina kipenyo cha milimita 603.6, na ya 185/60R15 ni milimita 603. Hata spidomita haitajua kwamba umebadilisha. Rimu nazo zitapatikana kwa urahisi, kwani Probox hutumia bolti 4 kwenye duara la milimita 100 na habu ya milimita 54.1, vipimo ambavyo Toyota ndogo nyingi zinavyo.

Kinachonizuia nisikukubalie ni mzigo. Herufi LT kwenye tairi yako zinaonyesha kwamba ilitengenezwa kwa magari ya kubebea mizigo, na namba 88 maana yake ni kilo 560 kwa kila tairi. Herufi N ni ya mwendo, usiozidi kilomita 140 kwa saa, nao unakutosha sana. Tairi ya kawaida ya 185/60R15 huandikwa 84, yaani kilo 500. Kwenye tairi mbili za nyuma utakuwa umepoteza uwezo wa kilo 120, na nyuma ndiko makreti na barafu vinakokaa. Tairi iliyoelemewa haipasuki papo hapo. Hubonyea kupita kiasi, ukuta hupata joto, na kwa jua la mchana wa Januari juu ya lami, joto hilo halina pa kwenda. Hupasuka siku nyingine, pengine siku ambayo mzigo ni mdogo, na watu wakashangaa.

Mwambie mwanao hivi: ikiwa gari ni la biashara, abaki na tairi za LT na apake rimu za chuma rangi nzuri, maana zikisafishwa na kupakwa vizuri zinapendeza, na zikipigwa na shimo hugongwa zikanyooka. Ikiwa ni lazima aweke za inchi 15, basi atafute 185/60R15 yenye XL na namba 88, ambayo inarudisha zile kilo 560, ingawa ukuta wake hautakuwa mnene kama wa LT. Na ukifikiria kununua tairi kuukuu kutoka nje, tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umekauka. Mimi tairi iliyopita miaka 6 siwekei gari la mzigo, hata nikipewa bure.

SWALI

Salaam kutoka Mpeketoni. Nina Toyota Prado yenye tairi za 265/65R17. Wakati wa masika njia zetu za mashambani huwa tope tupu. Nataka kuweka 285/70R17 za matope ili gari liinuke. Nahitaji kubadilisha kitu kingine chochote?

JIBU

Salaam, ndugu. Utahitaji kubadilisha vitu vingi, na ndiyo sababu nakushauri upunguze tamaa kidogo. Tairi yako ina kipenyo cha milimita 776, na hiyo unayoitaka ina 831. Tofauti ni asilimia 7: ukisoma 100 utakuwa unakwenda 107. Hata hivyo gari litainuka nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 27, kwa sababu nusu nyingine huenda juu, ndani ya fenda. Hapo tairi itasugua ukikata usukani, na utalazimika kuinua springi.

Weka 265/70R17. Upana ni ule ule, rimu zako za asili zinaifaa, kipenyo ni milimita 803 (kinapita kidogo tu ile asilimia 3 niliyoitaja juu), na gari litainuka milimita 13 bila kugusa chochote. Kwenye tope, meno yaliyoachana hukufaa kuliko urefu, kwa hiyo tumia fedha zako kwenye aina ya meno. Tairi zenye meno makubwa kabisa ya matope hunguruma na huteleza zaidi lami ikilowa, nawe una safari ndefu ya lami kupitia Witu hadi Garsen. Zile za mchanganyiko wa lami na matope zinakutosha. Ukifika kwenye mchanga mzito teremsha upepo hadi psi 20 hivi, endesha taratibu, na urudishe upepo kabla ya kupanda lami. Uwe na pampu ndogo ya betri ndani ya gari kwa ajili hiyo. Akiba nayo ibadilishwe iwe ya kipimo hicho kipya, na kwanza uhakikishe kwamba inaingia mahali pake inapofungwa.